Kapu la Taka Halihamishwi

Ijumaa, mwezi wa saba, saa nne asubuhi.

Ukungu bado umelala hapa Yakobi. Miparachichi ya jirani siioni, na iko hatua thelathini tu kutoka mlangoni kwangu. Nimesogeza jiko la mkaa karibu na miguu, na mlango nimeuacha wazi moshi utoke, kwa hiyo joto nalo linatoka. Vidole vimekufa ganzi. Mimi huandika kwa kidole kimoja, hiki cha shahada cha mkono wa kulia. Kikigoma hiki, basi hakuna shajara.

Moyo mzito. Pole zenu sizitaki, nilipewa za kutosha mwaka jana.

Kwa aliyefika hapa kwa kupotea njia: mimi ni bibi, nimesoma mpaka darasa la nne, na nimelima viazi miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu. Blogu hii alinifungulia mjukuu wangu Rehema. Alisema maneno ninayowasemea majirani ningeyaandika, majirani wangepumzika. Nikaandika. Wapo wanaosoma, na wapo wanaonisahihisha herufi. Hao wa herufi nawaambia kila siku, njooni mlime kwanza hekari moja kwa jembe la mkono, halafu tukae tuongee habari za herufi.

Leo simsemi jirani. Leo nasema habari za kompyuta, na mwenye kutaka kucheka acheke sasa amalize.

Kompyuta haiamki yenyewe. Lazima iwe na programu kubwa ndani yake, ndiyo inayoiamsha na kuiambia hii ni picha, hii ni barua, hii ni sauti. Wengi wenu mnatumia ile ya kununua. Iko nyingine ya bure inaitwa Linux, na hiyo Linux siyo moja. Ziko chungu nzima, wanaziita distro. Ndani ni ndugu, nje kila mmoja ana nguo zake. Rehema alianza kunitajia majina, Ubuntu, sijui Mint, sijui Debian, sijui Fedora, nikamwambia aache, mimi nitazijua kwa rangi. Ilikuwepo ya zambarau. Ikaja ya kijani. Zikaja za bluu mbili, moja imeiva na moja imepauka. Ikaja nyeusi tupu kama nguo ya msiba, hiyo nikamwambia aitoe siku hiyohiyo.

Tangu mwaka jana Rehema ameibadilisha kompyuta ile mara tisa.

Mara tisa. Unakaa, unazoea mahali pa kubonyeza, unajua kitufe cha kuzima kiko kona ya chini. Unaamka Jumamosi, kitufe kimepanda juu. Nilikuwa namwambia, wewe mtoto, hata kuku akitaga hubaki na kiota chake, wewe unatafuta nini? Ananyamaza. Akinyamaza mimi ndiyo napata nguvu ya kuendelea.

Kompyuta yenyewe si yake wala si yangu. Ilikuwa ya mama yake.

Yusta, binti yangu, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Aliinunua imeshatumika, na ilipoanza kuwa nzito mwalimu mwenzake akamwekea Linux, akasema hii ni nyepesi, inabeba mashine za wazee. Akawa anaandikia maswali ya mitihani humo, na nyimbo za kwaya. Mwaka jana akaugua. Tulimpeleka hospitali ya Ikonda, na manesi wa pale walimhudumia vizuri, sina neno nao. Ugonjwa ulikuwa umewatangulia. Siku mbili kabla hajaondoka alijirekodi kwenye simu ya Rehema. Dakika kumi na moja. Anaanza, "Mama, unanisikia?" kana kwamba niko upande wa pili wa laini. Baadaye simu ya Rehema ikaanguka kwenye ndoo ya maji ikafa, lakini sauti alikuwa ameshaihamishia kwenye kompyuta.

Kwa hiyo ilikuwa humo tu. Humo peke yake.

Na hili niliseme wazi, kwa sababu ndipo ubaya ulipoanzia. Rehema alitaka kuituma sauti ile kwa shangazi yake wa Makambako, ikae na huko. Nikakataa. Nilimwambia sauti ya mwanangu si tangazo la mnada. Akasema basi aiweke hata kwenye flashi nyingine, nikakataa tena. Nilitaka iwe mahali pamoja, na mahali hapo niwe napajua mimi. Nilikuwa naisikiliza kila Jumapili nikitoka kanisani, kabla sijavua kitenge. Nikajisifu hata kwa majirani kwamba naijua yote, neno kwa neno, kama Baba Yetu.

Sasa Jumamosi iliyopita.

Nilikuwa jikoni namenya viazi. Rehema akaja na flashi yake mkononi, nikajua tena anahama. Kila mara kabla hajahama hunakili kila kitu kwenye diski ya pembeni, faili zangu, faili za mama yake, picha, kwaya. Ni mwangalifu, hilo simnyimi. Akasimama mlangoni akaniuliza, "Bibi, vitu vyako vyote viko pale kwenye folda yako?"

Nikamjibu bila kugeuka. "Viko nilikoviweka."

Nikaendelea kumenya.

Jumapili nilitoka kanisani na hamu. Tangu mwezi wa tano sikuwa nimeisikiliza, tulikuwa kwenye kuvuna viazi na mgongo ulikuwa umekataa. Nikafungua kompyuta, safari hii ilikuwa na rangi ya kahawia. Nikatafuta. Nikamwita. Rehema akatafuta, akachomeka diski yake ya pembeni akatafuta na huko, nikamwona uso unabadilika. Folda ya mama yake ilikuwepo, mitihani ilikuwepo, kwaya ilikuwepo. Sauti hapana.

Nilisema mengi. Mengine sitayaandika. Lakini moja nitaliandika kwa sababu nimelisikia kichwani wiki nzima. Nilimwambia, "Umemzika mama yako mara ya pili, na safari hii umemzika peke yako."

Hakulia. Alikunja nguo zake tatu na sweta, akaiacha kompyuta mezani, akapanda gari la Makambako kwa shangazi yake, dada wa baba yake, mwenye steshenari pale. Mimi nikabaki nimekaa na kitenge cha kanisani mpaka giza.

Jumatatu na Jumanne sikutoka.

Jumatano nikafunga kompyuta kwenye khanga nikaenda mjini kwa fundi. Aneth ni mwanamke wa makamo, ana chumba kimoja nyuma ya soko, meza imejaa matumbo ya redio. Rehema alikuwa mteja wake, flashi zote za kuhamia alizitoa kwake. Nikamwambia, mjukuu wangu ameua sauti ya mama yake, ifufue. Hakubishana. Akasema hataiamsha kompyuta kwa programu iliyomo asije akaandika juu ya kilichobaki, akaiamsha kwa flashi yake, akaweka kitu cha kupekua diski. Akasema itachukua muda, nikae.

Nikakaa. Na mimi nikikaa lazima niulize.

Nikamuuliza, hivi hawa watu wa Linux wanahama hama nini? Mtu ana kitu kinafanya kazi, cha bure, anakifuta ili aweke kingine cha bure kinachofanya kazi ileile. Akacheka, akasema, "Bibi, ungewajua." Akaanza kunihesabia wateja wake. Yuko mwalimu mkuu mmoja, mashine yake ya zamani sana, kila distro ikitoa toleo jipya inakuwa nzito, anatafuta nyepesi zaidi, na huyo ana haki. Yuko mama anayefuma masweta ya shule, alihama kwa sababu printa yake ilikataa kuzungumza na distro ya kwanza. Ilipokubali ya pili hajasogea tena, na akiambiwa habari ya kusogea anafunga masikio. Yuko anayekimbia maboresho, kila wiki yanakula bando lake lote, akatafuta ile isiyosumbua. Yuko mwinjilisti ambaye akiona kwa mwenzake kuna dirisha linalofunguka kwa mbwembwe, kesho yake yuko pale mlangoni na flashi. Huyo, Aneth alisema, ameshazunguka zote akarudi ya kwanza, na sasa anaisifu kana kwamba ndiyo kwanza ameigundua.

Nikamuuliza, na wewe?

Akasema alipokuwa anajifunza alihama karibu kila mwezi. Kila mpya ilimpa wiki moja ya furaha. Alikuwa anapanga kila kitu, anachagua rangi, anaona sasa maisha yamekaa sawa, halafu wiki ya pili kazi zilezile zinamkuta palepale. "Siku moja nikachoka kuwa mgeni," akasema. Tangu hapo yuko na ileile, hata akijua ina kasoro.

Hapo nikakumbuka shamba langu la bondeni.

Lile shamba kila mwaka viazi vinasimama vizuri, kijani kabisa, halafu ghafla vinalala vikiwa na maji yake, kama mtu aliyezimia. Mnyauko. Mwaka wa kwanza nikasema mbegu imechoka, nikabadilisha, nikachukua kwa jirani. Vikanyauka. Nikachukua mbegu Makete, vikanyauka. Nikachukua sokoni Makambako, mbegu nyekundu, nikaambiwa hii ndiyo. Vikanyauka. Bwana shamba akaja akaniambia mbegu hazina kosa, ugonjwa uko kwenye udongo, nipande mahindi misimu mitatu nisiguse kiazi. Nikamwambia udongo huo nimeurithi kwa baba yangu na hauumwi. Aliondoka na pikipiki yake bila hata kunywa uji.

Na Yusta kwenye ile sauti alinisihi hivyohivyo. "Mama, lile shamba la bondeni lipumzishe, usiniahidi halafu usifanye." Msimu huu nimepanda tena viazi. Mbegu mpya.

Hayo sikumwambia Aneth. Nilimwambia tu kwamba wanaohama ni wavivu wa kukaa. Akasema, wengine labda. Wengine pale walipo pana kitu wasichoweza kukaa nacho chumba kimoja.

Saa nane na kitu mashine ikamaliza kupekua. Aneth akaanza kusoma orodha, akaona vipande. Picha ya watoto wa darasa la tatu, nusu yake imekuwa kijivu. Barua ya maombi ya uhamisho. Nyimbo mbili za kwaya. Akaniuliza hiyo sauti ilikuwa imekaa folda gani, ajue pa kukazia.

"Kwenye kapu la taka," nikamwambia.

Akainua kichwa. "Nani aliitupa, Bibi?"

"Hakuna aliyeitupa. Niliihifadhi."

Sasa nanyi nisikilizeni kabla hamjanicheka, kwa sababu Aneth hakucheka. Mama yangu mzazi alikuwa akichimba viazi, anachagua kwanza vya mbegu, vizuri vizuri. Anavipeleka kona ya giza jikoni, anavifunika na maganda ya mahindi, magunzi, majani makavu, uchafu wa kufagia. Ukiingia unaona lundo la taka tu. Miezi ya njaa watoto tulikuwa tunapekua kila chungu, na hatukugusa lile lundo hata siku moja. Mbegu ilifika msimu. Na mimi nimefanya hivyo maisha yangu yote, na Yusta alifanya, na ukienda nyumba za wazee huku mpaka leo utakuta lundo lile.

Rehema aliponifundisha kompyuta alinionyesha kapu la taka pale kwenye kioo. Nikamuuliza, kitu kikiingia humo kimekufa? Akasema hapana Bibi, kinakaa humo mpaka mwenyewe ulimwage. Nikalishika neno hilo. Kila alipohama, folda zilikuwa zinarudi zimebadilishwa mahali, na mwezi wa tano sauti ilinipotea siku nzima mpaka akaiona chini ya jina jingine. Siku hiyo nikasema sitaki tena. Nikaiburuta mwenyewe, kwa kidole hikihiki, nikaiweka kwenye kapu la taka. Nikajua sasa hakuna mkono utakaoigusa. Nilikuwa nafungua kapu nachungulia, naona jina lake, nafunga. Ikiwa humo haisikiki mpaka uitoe, na mimi nilitosheka na jina.

Sikumwambia Rehema. Lundo la mbegu halitangazwi kwa watoto.

Aneth alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaeleza polepole, akiangalia meza. Kapu lile nalo ni folda, lakini limefichwa mahali ambapo mtu hapaoni akinakili vitu vyake. Rehema alibeba vyumba vyote. "Lakini kapu la taka halihamishwi, Bibi. Nani anahamia nyumba mpya na taka zake?"

Akakazia kupekua mpaka saa kumi na moja, na alinionea huruma, hilo lilinichoma kuliko yote. Diski ilifutwa ikaandikwa upya. Ile sauti haipo.

Nilifunga kompyuta kwenye khanga. Nikamwambia asimwambie mtu. Akaitikia, "Sawa, Bibi." Njia nzima nilitembea kama mtu aliyebeba kitoto kisichopumua.

Jana, Alhamisi, nikaenda Makambako.

Nilikwenda kumwambia Rehema kosa ni langu. Nilijaza mfuko viazi, nikapanda gari asubuhi, maneno nikayapanga kichwani tangu stendi mpaka tunafika. Makambako kulikuwa na upepo ule wake wa vumbi, malori yamejipanga, kila mtu amejifunika shingo. Steshenari ya shangazi yake iko nyuma kidogo ya barabara kuu. Nilimkuta Rehema anatoa kopi. Akasema, "Shikamoo, Bibi," na macho yakabaki kwenye karatasi. Amekonda. Siku nne tu na amekonda.

Shangazi yake akanipa kigoda na chai, kisha akaona jinsi tulivyokaa, akasema anakwenda kununua wino. Alikuwa na katoni ya wino pale nyuma ya mlango, niliiona.

Nikajaribu kuanza. Badala ya kuanza, nikamkaripia. Ndiyo mdomo wangu, unakwenda njia uliyoizoea. Nikamuuliza, "Niambie leo. Mara tisa. Ulikuwa unatafuta nini humo?"

Nilidhani atanyamaza kama siku zote. Akaweka karatasi chini.

"Ukiweka mpya, Bibi, inakuuliza jina la mwenye kompyuta. Mimi naandika Yusta. Ikimaliza inawaka, inasema karibu Yusta. Kama ndiyo kwanza amefika." Akakunja mikono ndani ya sweta. "Wiki ya kwanza naona ni ya kwake. Halafu faili zangu zinajaa, inakuwa yangu tu. Ndipo naifuta."

Mnaona.

Mwaka mzima nilikuwa naliona jina lile kila ninapowasha, Yusta, katikati ya kioo, nikadhani ni la tangu zamani, halijaondolewa tu. Sikuwahi kujiuliza jina linabakije kwenye kitu kinachofutwa chote. Bibi wa watu, najisifu macho yangu yanaona kiazi kibovu ndani ya gunia lililofungwa.

Hapo ndipo ningesema. Mahali penyewe palikuwa pameshafagiliwa. Nikafungua mdomo, na yeye akanitangulia.

"Nisamehe, Bibi. Ningeangalia vizuri zaidi."

Na mimi nikasema, "Nimekusamehe."

Nilisema hivyo. Nikamsamehe kosa langu. Nikanywa na chai ikaisha. Akanisindikiza mpaka kwenye gari, akanibebea ule mfuko mtupu, akanifunga skafu shingoni kwa sababu ya upepo, na mimi nikamwacha anifunge. Gari lilipoondoka nilimwona dirishani akipunga mkono mara moja, akauficha tena kwenye sweta.

Nimelala na neno lile kifuani kama jiwe la kusagia. Kwa hiyo leo naandika hapa. Nimewaandikia ninyi wote kwa sababu Rehema husoma kila ninachoandika, na yeye pekee nashindwa kumwambia usoni. Huo ni woga, wala sitaupaka rangi. Nilimsema mbele ya majirani wote wa mtaa huu, wamesikia kwa madirisha. Basi na hili walisikie: mtoto hakupoteza kitu. Aliuliza, nami nikamjibu kwa kiburi. Yeye alihamisha kila alichoonyeshwa. Aliyemzika Yusta mara ya pili ni mimi, kwa kidole hiki kimoja kinachoandika.

Rehema, ule msamaha wangu utupe. Haukuwa na kazi. Anayeomba ni mimi.

Nimewasha kompyuta yako. Ni hii ya kahawia, imesema karibu Yusta, nikaitikia. Nimefungua kapu la taka. Ni tupu, jeupe, limefagiliwa. Shamba la bondeni nitaling'oa viazi wiki hii vikiwa hivyohivyo vidogo, na mvua zikija nitapanda mahindi. Misimu mitatu. Nimeahidi, na safari hii upo wewe wa kunikagua.

Halafu nikasema niandike ile sauti kabla haijanitoka, si naijua kama Baba Yetu. Nimeanza hivi.

"Mama, unanisikia?" Kimya kidogo. Nesi anaingia, anamwambia asiongee sana, Yusta anamjibu kwamba kuongea amerithi. Anauliza kama kuku mweusi ametotoa. Anasema habari ya shamba la bondeni, nisiahidi halafu nisifanye. Anasema Rehema asiachwe alale bila kula anapokuwa na hasira. Hapo anakohoa, anakohoa sana. Kisha anasema kitu kwa Kibena chetu, kifupi, anacheka. Kisha ananiita, kwa lile jina aliloniita akiwa mdogo, na inakatika.

Nimeandika mpaka hapo nimekwama. Mkaa umekuwa majivu, ukungu umeshapanda, miparachichi naiona yote na mimi niko palepale. Miezi miwili nilichungulia jina tu, na neno lile la Kibena limenidondoka.

Mjukuu wangu, wewe ulikuwa umekaa kitandani pake, umeshika simu. Baada ya kile kikohozi, kabla hajacheka, mama yako alisema nini?